Wateja wanafungua barua ya kuwakaribisha lakini hawaanzi kazi: tatizo ni mada zangu?

kalamu_ya_ofisini aliuliza:

Habari wakuu,

Nimekabidhiwa barua pepe zote anazopata mtu baada ya kujisajili kwenye programu yetu ya kutengeneza na kutuma ankara mtandaoni. Jina nalificha, tuiite XYZ. Mtu akijisajili anapata siku 14 za kujaribu bila malipo, na ndani ya siku hizo mfumo unamtumia barua tano. Nimezikuta zimeshaandikwa na mtu aliyenitangulia. Mada zake ni hizi:

1. Karibu sana katika familia yetu kubwa ya XYZ! 🎉
2. Je, uko tayari kuanza safari yako?
3. Vidokezo 5 vya kukuza biashara yako
4. Umetupotea!
5. NAFASI YA MWISHO: muda wako unakwisha!!!

Ripoti inaonyesha zaidi ya nusu ya watu wanafungua ile ya kwanza, halafu idadi inaporomoka kila barua. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba wengi wanaingia kwenye programu mara moja, wanaangalia-angalia, hawatengenezi hata ankara moja, kisha kimya. Bosi anasema mada zimepoa, nizitie chumvi kidogo. Mimi sina uhakika kama chumvi ndiyo inayokosekana.

Naomba mnisaidie: mada iwe na urefu gani? Niweke jina la mteja? Hizo emoji zibaki? Na nikitaka kupima mada mbili ipi inafanya vizuri, napimaje?

Natanguliza shukrani.

---

dawati_la_wateja alijibu:

Mkuu, hisia yako iko sahihi. Huyo unayemwandikia si mpita njia. Muda mfupi uliopita ameandika anwani yake mwenyewe, akatunga nenosiri, akabofya kitufe cha kujisajili. Keshavutika tayari. Anachotaka sasa ni kujua anaingilia wapi na anaanza na nini. Ukimjibu kwa "safari" na "familia", unamrudisha kwenye tangazo wakati yeye alishatoka huko.

Nilikaa miaka kwenye huduma kwa wateja kabla ya kuanza kuandika barua za namna hii, kwa hiyo naziangalia kutokea upande wa malalamiko. Na kutokea huko kuna jambo ambalo ripoti ya waliofungua haikuonyeshi kabisa: barua ya kwanza hairudiwi kusomwa kwa sababu ni tamu, hurudiwa kwa sababu mtu amekwama. Anajisajili Jumatatu akiwa na haraka zake. Siku ya tisa ndipo anapata kazi inayohitaji ankara. Hakumbuki alitumia anwani ipi, hakumbuki ukurasa wa kuingilia. Basi anakwenda kwenye kisanduku cha kutafutia cha barua pepe zake na kuandika jina la programu.

Kampuni moja niliyofanyia kazi ilikuwa na barua ya kwanza yenye mada "Hatua mpya inaanza leo". Mtumaji aliwekwa jina la kwanza la mkurugenzi, na barua zilitumwa kupitia kikoa (ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) cha huduma nyingine. Jina la programu lenyewe lilikuwa ndani ya picha ya nembo, halikuandikwa popote kama maandishi. Mteja akitafuta jina hilo zinakuja risiti, yanakuja matangazo, ile barua yenye kiungo cha kuingilia haiji. Dawati letu lilikuwa likipokea ombi lilelile kila siku: "Naombeni mnitumie tena ile barua ya mwanzo." Mada ilipobadilishwa ikawa "Akaunti yako ya" na jina la programu, kisha "iko tayari", na mtumaji akawa jina la programu, maombi hayo yalipungua mpaka tukaacha kuyawekea jibu lililoandikwa tayari la kunakili.

Ndiyo maana mada ya barua ya kwanza mimi naichukulia kama maandishi ya mgongoni mwa faili. Mtu asome bila kuifungua ajue ni nini, na akirudi baadaye aipate. Kwako ningeandika:

Akaunti yako ya XYZ iko tayari

Hesabu herufi zake pamoja na nafasi: ni 30. Simu nyingi huonyesha takriban herufi 30 hadi 40 za mada kabla ya kuikata; kwenye kompyuta unaweza kupata 60 na zaidi. Sasa tazama mada yako ya kwanza inavyofika kwenye simu:

Karibu sana katika familia yetu kub…

XYZ imekatwa, emoji imekatwa, kilichobaki kingeweza kutoka kwa mtu yeyote duniani. Sikuambii ukae na rula. Weka tu maneno yanayobeba habari mwanzoni, yale ya mapambo yakikatwa hutajali.

Nina kipimo kimoja nakitumia kwa kila mada. Sema kwa sauti: "Hii ni barua inayohusu…", kisha malizia kwa mada yako. "Hii ni barua inayohusu akaunti yako ya XYZ kuwa tayari." Imekaa. "Hii ni barua inayohusu je, uko tayari kuanza safari yako." Hapo huna mada, una kauli ya bango la barabarani.

Nikishuka kwenye orodha yako:

Ya pili. Mteja anatakiwa kufanya nini siku hiyo? Kutuma ankara ya kwanza. Basi liseme hivyohivyo: "Tuma ankara yako ya kwanza". Na usichukue maneno ya watengenezaji wa programu. Kuna ofisi nimeona mada inasema "Gundua Kituo chako Mahiri cha Miamala", na hicho kituo mahiri ni ukurasa wa ankara. Soma maswali ambayo wateja wanawaandikia, tumia maneno yao. Mteja aliyeuliza "natumaje ankara?" akiona mada yenye neno tuma na neno ankara, hahitaji kufasiriwa.

Ya tatu itupe. Vidokezo vya kukuza biashara havihusiani na kilichomleta.

Ya nne ndiyo inayonikera. "Umetupotea!" ni lawama kwa mtu asiyekukosea kitu, labda alikuwa na kazi nyingine, labda hakuwa na ankara ya kutuma wiki hiyo. Halafu jiulize: inakwenda kwa nani? Nina wasiwasi hizo barua tano zinatumwa kwa kalenda tu, siku ya 1, ya 3, ya 6, bila kuangalia mtu amefanya nini. Kama ndivyo, kuna mteja ametuma ankara kumi na bado anapokea "Uko tayari kuanza?". Huyo anajua papo hapo kwamba hakuna binadamu anayemtazama, na barua yako inayofuata hataifungua hata kama mada yake ni nzuri. Mada haiwezi kuwa sahihi ikiwa inakwenda kwa mtu asiye sahihi. Kaa na watu wa mfumo wakugawie angalau makundi matatu: ambaye hajaanza ankara, aliyeanza hakuituma, aliyekwisha kutuma. Kila kundi na mada yake.

Kwa aliyeanza hakuituma: "Ankara Na. 001 bado ni rasimu". Ni ukweli wa akaunti yake mwenyewe, na ataifungua kwa sababu hiyo. Ila usiweke kwenye mada jina la mteja wake wala kiasi cha fedha. Mada huonekana kwenye kioo cha simu iliyofungwa, na simu huwa imelala mezani mbele za watu.

Ya tano: sema siku. "Jaribio la XYZ linaisha Ijumaa". Hizo herufi kubwa na alama tatu za mshangao zinamtisha mtu bila kumwambia ni lini. Ndani ya barua, sentensi ya kwanza kabisa imwambie ankara zake zitakuwaje baada ya Ijumaa, zitabaki au zitafutwa, kwa sababu hilo ndilo swali watakalopigia simu.

Jina la mteja: mimi siliweki kwenye mada. Watu hujaza sehemu ya jina wanavyotaka. Mmoja anaandika jina la kampuni, mwingine herufi moja, mwingine anaacha wazi, na wewe unatuma "Habari , karibu" yenye nafasi tupu kabla ya mkato. Ukishikilia kuliweka, hakikisha mfumo una maneno mbadala ya kutumia sehemu ikiwa tupu, kisha jitumie mwenyewe barua ya majaribio kutoka kwenye akaunti isiyo na jina.

Emoji: sizipigi vita, ila hiyo 🎉 haimwambii mteja chochote, na mtu anayetumia kisomaji cha skrini (programu inayowasomea wasioona) anasomewa jina la kile kipicha kila mara.

---

seva_haizimi alijibu:

Dada dawati kamaliza upande wa maneno. Naongeza ya mitambo, kwa sababu mada inaweza kuwa nzuri ikafika imevunjika.

Kwanza alama ya ng'. Kiswahili karibu chote kinaandikwa kwa herufi za kawaida ambazo mfumo wowote wa barua unazijua tangu zamani. Mtego uko kwenye hiyo alama ya juu. Ukiandika mada kwenye programu ya kuandikia nyaraka kisha ukanakili, alama iliyonyooka inageuzwa kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda haimo kwenye seti ya ASCII, yaani hizo herufi za kawaida. Kichwa cha barua chenye herufi za nje ya ASCII kinatakiwa kugeuzwa kwanza kuwa herufi za kawaida kwa kanuni ya kiufundi iitwayo RFC 2047, ya mwaka 1996. Mfumo wenu ukifanya hivyo, salama. Usipofanya, "Ng'amua nani hajalipa" inamfikia mteja ikiwa "Ngâ€™amua nani hajalipa". Emoji nazo zinapita njia hiyohiyo. Andika mada moja kwa moja kwenye mfumo wa kutumia, na ujitumie kwanza.

Pili, mada zinazojirudia. Gmail hukusanya barua kwenye mazungumzo mamoja ikiwa mada na mtumaji ni walewale na zimekuja ndani ya wiki moja. Hili linaumiza kwenye barua ambayo hukuitaja, ile ya namba ya uthibitisho. Mteja anaomba namba, inachelewa, anaomba tena, anaomba tena. Zote tatu zina mada "Thibitisha akaunti yako", zinarundikana pamoja, anafungua ya zamani, anaingiza, anaambiwa namba si sahihi. Anaacha hapohapo, na kwenye ripoti yako anaonekana kama mtu "aliyefungua hakuendelea". Weka namba yenyewe mwanzoni mwa mada: "482913 ni namba yako ya XYZ". Kila barua inakuwa na mada yake, na mtu anaisoma kwenye arifa bila hata kufungua. Namba iwe ya kutumika mara moja na iishe haraka, maana nayo itaonekana kwenye kioo kilichofungwa.

Tatu, bosi asije akakwambia uanze mada na "Re:" ili ionekane mnaendelea na mazungumzo. Marekani wana sheria ya CAN-SPAM ya mwaka 2003 inayokataza mada ya kumdanganya mpokeaji. Na kanuni zake zina kitu ambacho wengi hawakijui: barua ya akaunti, ambayo kwa kawaida ina nafuu fulani, ikichanganywa na tangazo ndani inahesabiwa yote kuwa tangazo ikiwa mtu wa kawaida akisoma mada yake ataona ni tangazo. Yaani mada peke yake inaweza kuihamisha barua kutoka kundi moja kwenda jingine.

Nne, zile herufi kubwa na "!!!". SpamAssassin, kichujio cha barua taka cha siku nyingi, kina kanuni maalumu ya mada iliyoandikwa yote kwa herufi kubwa. Yako ni nusu, haitakuua peke yake. Kinachoamua zaidi siku hizi ni kama kikoa chenu kimethibitishwa na kama watu wanawaripoti. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanataka anayetuma kwa wingi awe na SPF, DKIM na DMARC (njia tatu za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chake), na Google wanataka ripoti za taka zisifike asilimia 0.3. Kwa watu 1,000 hiyo ni watatu tu. Mada kama "Umetupotea!" kwa mtu asiyekukumbuka inaweza kukupa hao watatu asubuhi moja.



---

chapa_na_rangi alijibu:

Mimi napingana kidogo. Mkifuata ushauri huu kila kampuni itasikika kama mashine ya tiketi. "Akaunti yako iko tayari." Sawa, na ya benki inasema hivyo, na ya umeme inasema hivyo. Mteja mpya ndiyo mara ya kwanza anasikia sauti yenu! Hapo ndipo pa kumwonyesha kuna watu nyuma ya programu. Nimeandika mada zenye utani, na watu walijibu wakicheka. Hilo huwezi kulipata kwa "Ankara Na. 001 bado ni rasimu".

---

dawati_la_wateja alijibu:

Chapa, walijibu wakicheka, na ankara walituma? Nakuuliza kwa nia njema.

Ucheshi haujakatazwa, una mahali pake. Barua ina sehemu tatu zinazoonekana kabla ya kufunguliwa: jina la mtumaji, mada, na ule mstari wa rangi hafifu unaofuata mada. Ukarimu uweke kwenye huo mstari wa tatu. Mada ibaki "Akaunti yako ya XYZ iko tayari", mstari hafifu useme "Karibu! Kiungo cha kuingilia kimo ndani, na ukikwama tujibu hapahapa." Hapo sauti yenu imesikika na kazi imefanyika.

Kalamu, angalia na wewe huo mstari kwenye barua zako. Usipouandika, programu ya barua inachukua maneno ya kwanza inayoyakuta ndani, na mara nyingi ni "Kama huioni barua hii vizuri bofya hapa". Nimeona kampuni zinatafakari mada mchana kutwa kisha chini yake linasomeka hilo.

---

mchambuzi_mpole alijibu:

Nijibu lile la kupima, maana limepitwa.

Usiamini sana "waliofungua". Kipimo hicho hutegemea kipicha kisichoonekana kinachopakuliwa barua ikifunguliwa. Tangu Septemba 2021, na toleo la 15 la iOS (mfumo wa simu za iPhone), programu ya Mail ya Apple ina kinga ya faragha inayopakua picha hizo yenyewe, mtu asome asisome. Kwa wateja walioiwasha, na ni wengi, barua inaonekana imefunguliwa hata kama haikuguswa. Kwa hiyo hiyo "zaidi ya nusu" yako sijui ni nusu ya nini.

Pima kitendo. Kwa kila mada, hesabu ni wangapi waliopata barua wakatuma ankara ndani ya siku tatu. Hiyo namba iko kwenye mfumo wenu wenyewe, haihitaji kipicha.

Na angalia ukubwa wa kundi. Tuseme kwa kawaida asilimia 40 hufanya unachotaka. Ukigawa watu 50 huku na 50 kule, mada mbili zilizo sawa kabisa zinaweza kutofautiana hata kwa pointi 19 za asilimia kwa bahati tu. Ukiwa na 500 kila upande, bahati bado inaweza kukupa kama pointi 6. Kama mnapata wateja wapya wachache kwa wiki, usipoteze muda kulinganisha "Tuma ankara yako" na "Tengeneza ankara yako"; hutaona tofauti mpaka mwaka uishe. Linganisha vitu vilivyo mbali: barua ya kalenda dhidi ya barua inayofuata alichofanya mteja.

---

kalamu_ya_ofisini alijibu:

Wakuu, mmenifungua macho. Nimekwenda kuuliza watu wa mfumo: ni kweli, zinatumwa kwa kalenda tu, na aliyekwisha kutuma ankara anapata zote. Wamesema kugawa makundi matatu kunawezekana. Pia nimejitumia barua ya kwanza kwenye simu, na mstari hafifu unasema "Angalia kwenye kivinjari | Jiondoe". Jiondoe! Kabla hata hajaingia.

Nimeandika upya. Naomba mnikosoe:

Wote, mara tu wakijisajili: Akaunti yako ya XYZ iko tayari
Hajaanza ankara, siku ya 2: Anza leo kutuma ankara yako ya kwanza kwa urahisi
Ameanza hajatuma: Ankara Na. 001 bado ni rasimu
Bado hajaanza, siku ya 7: Je, unahitaji msaada wowote kutoka kwetu?
Wote, siku ya 11: Jaribio la XYZ linaisha Ijumaa

Aliyetuma ankara sijajua nimwandikie nini.

---

dawati_la_wateja alijibu:

Zimekaa vizuri. Nakosoa mbili na kujibu moja.

Ya siku ya 2, ondoa "anza leo" na "kwa urahisi". Kama ni rahisi ataona mwenyewe, na kama si rahisi umemdanganya. Inabaki "Tuma ankara yako ya kwanza", na mstari hafifu umwambie anachohitaji kuwa nacho mkononi: jina la mteja wake, kazi aliyofanya, tarehe ya kulipwa.

Ya siku ya 7, "Je, unahitaji msaada wowote" ni swali ambalo kila mtu analijibu kimoyomoyo "hapana" na kupita. Muulize kitu chenye jibu: "Umekwama wapi na ankara ya kwanza?" Ndani weka mistari mitatu tu na umwombe ajibu barua hiyohiyo. Hapo sasa anwani ya mtumaji isiwe ile ya "usijibu". Ni aibu kumuuliza mtu swali kutoka kwenye anwani isiyopokea majibu, na wapo wengi wanaofanya hivyo. Kubalianeni mapema ofisini nani atakayesoma hayo majibu, maana yatakuja. Na yahifadhi: mada zako za miezi ijayo zimo humo, kwa maneno ya wateja wenyewe.

Aliyetuma ankara: usimtungie barua ya mafunzo. Mfumo wenu unajua mpokeaji akifungua ankara aliyotumiwa, sivyo? Basi "Ankara Na. 001 imefunguliwa". Hiyo ndiyo barua atakayoifungua akiwa bado amesimama.

---

kalamu_ya_ofisini alijibu:

Ndiyo, mfumo unajua mpokeaji akifungua kiungo cha ankara. Hatukuwahi kumtaarifu mteja!

Swali la mwisho: hiyo ya siku ya 11, aliyekwisha kulipia naye ataipata?

---

dawati_la_wateja alijibu:

Hapana kabisa, na usiache mfumo uamue usiku uliotangulia. Wapo wanaolipia siku ya 10 au ya 11 yenyewe. Waambie watu wa mfumo waangalie hali ya malipo dakika ileile ya kutuma, si wakati orodha inapoandaliwa. Mtu aliyelipa asubuhi akaambiwa mchana "Jaribio linaisha Ijumaa" atadhani fedha yake haijafika, na ataanza kupiga simu. Huyo mtumie nyingine: "Malipo ya XYZ yamepokelewa". Hakikisha siku inayotajwa kwenye mada inatokana na tarehe aliyojisajili yeye, na ndani ya barua uandike tarehe kamili, kwa sababu anayeisoma Jumamosi hatajua ni Ijumaa ipi.